Yego na mkuki: Nguvu hutoka miguuni, si mkononi

YANAPOTAJWA majina ya wanariadha waliolelewa Eldoret na maeneo jirani ya Nandi, Keiyo na Marakwet, msomaji hutarajia kusikia habari za mbio. Uwanja mkuu wa mji huo una jina la mkimbiaji, Kipchoge Keino. Barabara za vumbi zinazouzunguka mji hujaa wakimbiaji kabla ya jua kuchomoza. Hata mgeni anayefika Eldoret kwa shughuli zake za kibiashara huulizwa kama amekuja kufanya mazoezi.

Ni katika mazingira hayo alikotoka Julius Yego, mzaliwa wa kijiji cha Cheptonon katika Nandi, ambaye mnamo Agosti 26, 2015 aliingia katika uwanja wa Bird's Nest jijini Beijing, Uchina, akarusha mkuki umbali wa mita 92.72 na kutawazwa bingwa wa dunia. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya dunia katika fani yoyote isiyo ya mbio.

Umbali huo unastahili kufafanuliwa. Uwanja wa soka wa kimataifa una urefu wa takribani mita 105. Mkuki wa Yego, lau ungerushwa kutoka mstari wa lango moja, ungetua karibu na eneo la hatari la lango la pili, na kuingia ndani yake. Tangu mwaka 2001, Jan Zelezny wa Jamhuri ya Cheki aliporusha mita 92.80 mjini Edmonton, Kanada, hapakuwa na binadamu aliyefikisha mkuki mbali kiasi hicho. Rekodi ya dunia, mita 98.48, ni ya Zelezny huyo huyo na imedumu tangu 1996. Rekodi ya Afrika ingali ya Yego.

(Wahariri wenzangu wamezoea kuandika "kutupa mkuki". Mimi hupendelea "kurusha", kwa kuwa mtu hutupa kitu asichokihitaji tena, na mkuki wa mwanariadha hauna budi kurudi mkononi mwake.)

Swali ambalo wasomaji wengi hujiuliza ni jinsi mtu asiye na mwili wa pandikizi, ambaye wapinzani wake wengi wanamzidi kwa kimo, anavyoweza kuwapita. Jibu lake huanza na kuelewa kazi yenyewe.

Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 na urefu wa kati ya mita 2.60 na 2.70. Mrushaji hukimbia katika njia yenye upana wa mita nne, ambayo huishia kwenye mstari mweupe uliopinda mfano wa upinde. Akiugusa au kuuvuka mstari huo, jaribio lake ni batili. Mkuki sharti ushikwe penye kamba, urushwe juu ya bega, wala hairuhusiwi kuuzungusha kama kombeo. Unapotua, ncha ndiyo itangulie kugusa ardhi, ndani ya eneo linalopanuka kadiri linavyokwenda mbali, kama upepeo. Katika fainali, washindani hupewa nafasi tatu, kisha walio bora huongezewa nyingine.

Mkuki wa leo si ule wa zamani. Mwaka 1984, Uwe Hohn wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, na wasimamizi wa riadha wakaanza kuhofia kwamba siku moja chuma kingewafikia watazamaji upande wa pili wa uwanja. Zaidi ya hayo, mikuki ya wakati huo ilielea na kutua kwa ubavu, na waamuzi wakawa hawana hakika nini cha kupima. Kuanzia 1986, kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kilisogezwa mbele, nao ukawa unainamisha kichwa mapema na kuchoma ardhi. Rekodi zote zikaanza upya.

Ili mkuki kama huo ufike mita 90, lazima uondoke mkononi kwa kasi inayokaribia mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mkono peke yake hauwezi kutoa kasi hiyo. Anayetaka kuthibitisha na asimame wima, miguu ikiwa pamoja, arushe jiwe. Kisha alirushe tena baada ya kukimbia hatua kumi.

Nguvu ya mrusho huanzia ardhini. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia, kama Yego, hukimbia akiwa ametazama mbele, halafu katika hatua za mwisho huurudisha mkuki nyuma, akageuza ubavu na kupishanisha miguu huku kiwiliwili kikiwa kimelala nyuma kidogo. Mguu wa kulia unapotua, nyonga huanza kusukumwa mbele. Kisha mguu wa kushoto hukita ardhini ukiwa umenyooka, bila kukunja goti. Hapo ndipo penye siri yote.

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa matatu anajua kinachotokea dereva anapokanyaga breki ghafla: gari husimama, lakini abiria hurushwa mbele. Mguu wa kushoto ndio breki. Miguu inasimama, nayo kasi iliyokuwa ndani yake haina pa kwenda ila kupanda: kutoka nyonga kwenda kifuani, kifuani kwenda begani, begani kwenda kwenye kiwiko, na kiwiko kwenda vidoleni. Kila kiungo kinachukua zamu yake na kuongeza kasi kabla ya kukipisha kinachofuata, kama mjeledi ambao kishikio chake husogea kidogo tu huku ncha ikialika. Mkono ni wa mwisho katika mlolongo huo. Mrushaji anayeuharakisha mkono kabla nyonga haijamaliza kazi yake hupoteza mita kumi au zaidi, na aghalabu huumiza kiwiko.

Yego ana sifa mbili katika mtindo wake. Ya kwanza ni wepesi wa mbio zake za kuingilia. Hafiki kwenye hatua za mwisho akijipimapima. Hufika kwa kasi na kuihamishia yote kwenye mkuki. Ya pili ndiyo iliyompa umaarufu kwenye runinga. Baada ya kuuachilia mkuki, mwili wake hauwezi kusimama. Huanguka kifudifudi, akajikinga kwa viganja na kuteleza kwa kifua huku macho yakiwa angani yakiufuata mkuki. Watazamaji huicheka ajali hiyo, ilhali si ajali. Ni ishara kwamba hakubakiza nguvu ya kujizuia. Ila ina gharama: anayeanguka hivyo lazima auachilie mkuki mapema, mbali na mstari, na kila sentimita anayoiacha nyuma ya mstari huo haipimwi.

Fundisho hili la miguu na kiwiliwili halihusu riadha pekee. Nchini Japani, ambako besiboli hupendwa kama soka inavyopendwa kwetu, mrushaji mpira Yoshinobu Yamamoto amejulikana kwa kufanya mazoezi kwa kurusha mikuki. Yamamoto, mzaliwa wa mkoa wa Okayama mwaka 1998, alitwaa tuzo ya Sawamura, ambayo hupewa mrushaji bora wa Japani, kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2021 hadi 2023 akiwa na timu ya Orix Buffaloes. Desemba 2023 akasajiliwa na Los Angeles Dodgers ya Marekani kwa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325. Naye si jitu la mtu. Ana urefu wa sentimita 178 hivi, mfupi miongoni mwa warushaji wa ligi hiyo.

Mpira wa besiboli una uzito wa gramu zipatazo 145, chini ya moja ya tano ya mkuki, na hurushwa umbali wa mita 18.44 tu kumfikia mpigaji. Lakini mlolongo wa viungo ni ule ule: mguu unakita, nyonga inatangulia, bega linafuata, mkono unamalizia. Mkuki una faida moja kwa anayejifunza. Mpira ni mviringo na hausemi umekosea wapi. Mkuki ukirushwa kwa mkono mtupu, bila kiwiliwili kuufuata kwa mstari mmoja, hutikisika mkia hewani na kosa likaonekana na kila mtu. Katika fainali za Marekani za 2025 dhidi ya Toronto Blue Jays, Yamamoto alirusha mipira 96 katika mchezo wa sita, akarudi uwanjani siku iliyofuata kumalizia mchezo wa saba, na akatangazwa mchezaji bora wa fainali hizo. Mkono unaotegemea misuli yake pekee haungehimili kazi hiyo.

Tofauti kati ya wawili hao iko katika namna walivyofundishwa. Yamamoto alilelewa katika nchi ambayo kila shule ina kiwanja cha besiboli na kocha. Yego hakuwa na kocha wa mkuki.

Alianza shuleni, akishindana na kakaye kwa mikuki iliyochongwa kwa miti. Kenya ilikuwa na makocha wa mbio wa kila aina, lakini mrushaji mkuki aliyetaka kupita kiwango cha mashindano ya shule hakuwa na pa kwenda. Mwaka 2009 ndio mwaka ambao nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilianza kufika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi na nafuu kuliko ilivyokuwa enzi za setilaiti. Ni wakati huo Yego alipoanza kwenda katika vibanda vya intaneti kutazama video za YouTube za Zelezny, bingwa wa Olimpiki wa 1992, 1996 na 2000, na Andreas Thorkildsen wa Norway, aliyeshinda Olimpiki za 2004 na 2008. Alizitazama, akaenda uwanjani kujaribu, akarudi kutazama tena. Magazeti ya dunia yakambatiza jina la "Bwana YouTube".

Jina hilo linachekesha, lakini linapotosha kidogo. Video humwonyesha mtu jinsi mwingine anavyofanya. Haimwonyeshi yeye mwenyewe anakosea wapi. Zelezny haonekani akimwambia mtazamaji kwamba goti lake la kushoto limekunjika. Yego alilazimika kuwa mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja, na kuyasoma makosa yake kwa namna mkuki ulivyoruka na kwa maumivu ya mwili wake.

Wapo pia wanaoeleza mafanikio yake kwa kusema kwamba Mnandi na mkuki ni ndugu tangu enzi za Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza hadi alipouawa Oktoba 1905. Ni maelezo matamu ila hayana mashiko. Mkuki wa vita ulirushwa kwa karibu, kwa shabaha, na haukuhitaji mita 30 za kukimbilia. Isitoshe, kama ukoo ungetosha, Nandi ingekuwa na mabingwa wa mkuki kama ilivyo na mabingwa wa mbio.

Safari yake ya kimataifa ilianza polepole. Mwaka 2010 alipata shaba katika mashindano ya Afrika yaliyoandaliwa Nairobi, na kumaliza wa saba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Delhi. Mwaka uliofuata akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo kwa mita 78.34. Ushindi huo ulimfungulia mlango: Shirikisho la Riadha Duniani likamfadhili kwenda Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki ni mchezo wa kitaifa. Huko, katika baridi ambayo kijana wa Nandi hakuwahi kuiona, alikutana na kocha Petteri Piironen. Kwa mara ya kwanza palikuwa na jicho la pili lililomtazama akirusha.

Matokeo hayakukawia. Katika Olimpiki za London, 2012, alirusha mita 81.81 kwenye mchujo, akaingia fainali na kumaliza wa 12. Katika mashindano ya dunia ya Moscow, 2013, alifikisha mita 85.40 na kumaliza wa nne. Shaba ilimponyoka kwa chini ya mita moja. Mwaka 2014 jijini Glasgow akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa mita 83.87, akimshinda Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki. Juni 2015 mjini Birmingham akavuka mita 90 kwa mara ya kwanza: 91.39. Hivyo alipowasili Beijing miezi miwili baadaye, waliofuata fani hii hawakushangaa sana. Walioshangaa ni Wakenya.

Siku moja kabla, Nicholas Bett alikuwa ameipa Kenya dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, fani nyingine ambayo dunia haikututarajia. (Bett alifariki katika ajali ya barabarani huko Nandi mnamo Agosti 2018.) Fainali ya mkuki ilianza kwa Ihab Abdelrahman wa Misri kuongoza kwa mita 88.99. Katika raundi ya tatu, Yego akakimbia, akakita mguu, akaachilia, akaanguka kifudifudi. Alipoinua kichwa, mkuki ulikuwa ungali angani. Hakuna aliyemfikia tena, na Waafrika wawili wakachukua nafasi mbili za kwanza katika mchezo ambao kwa miongo mingi ulikuwa wa Ulaya. Kenya ikamaliza kileleni mwa jedwali kwa dhahabu saba.

Mwaka mmoja baadaye, bingwa huyo wa dunia alifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa safari ya Olimpiki za Rio na kuarifiwa kwamba hakuwa na tiketi. Vyombo vya habari viliripoti kisa hicho kote duniani, na hatimaye akasafiri. Mjini Rio alianza fainali kwa mita 88.24, mrusho uliomweka mbele ya wote, kisha akaumia na kushindwa kuendelea ipasavyo. Thomas Röhler wa Ujerumani akampita kwa mita 90.30. Yego akarudi na fedha, iliyopatikana kwa mrusho mmoja tu.

Jeraha hilo linatufikisha kwenye upande wa pili wa mtindo wake. Mguu unaokita bila kukunjika hupokea mshindo ulio mkubwa mara kadhaa kuliko uzito wa mwili. Mshindo huo hupita katika kifundo, goti, kinena na mgongo, na katika mazoezi hurudiwa mara maelfu. Warushaji wa Ulaya huwa na watu wa kuwapima, kuwakanda na kuwazuia wasirushe siku ambayo mwili haujawa tayari. Anayefanya mazoezi peke yake hukosa mtu wa kumwambia "leo pumzika". Miaka iliyofuata Rio ilikuwa ya majeraha na matokeo ya kupanda na kushuka. Mwaka 2017 jijini London alishindwa kulitetea taji lake. Mwaka 2019 mjini Rabat alitwaa tena dhahabu ya Michezo ya Afrika kwa mita 87.73, lakini katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika 2021 hakupita mchujo. Wengi wakahitimisha kwamba zama zake zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mwaka 2022 alipata shaba ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa mita 85.70. Mwaka 2024 mjini Douala alitwaa taji lake la tano la Afrika, na miezi michache baadaye, akiwa na umri wa miaka 35, alirusha mita 87.72 katika fainali ya Olimpiki jijini Paris na kumaliza wa tano. Dhahabu ilimwendea Arshad Nadeem wa Pakistan kwa mita 92.97, sentimita 25 tu mbele ya alama ya Yego ya Beijing. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia jijini Tokyo, Yego alikuwa wa sita kwa mita 85.54.

Ukiyalinganisha matokeo ya Paris na ya Beijing, utaona kilichobadilika na kisichobadilika. Kasi ya kuingilia imepungua kidogo, jambo la kawaida kwa mwili uliorusha kwa zaidi ya miaka 20. Mfuatano wa viungo ni ule ule. Ndiyo maana mtu wa umri wake bado anashindana na vijana wanaomwacha mbali katika vyumba vya kunyanyulia vyuma.

Linalobaki ni suala la nani atamfuata. India, ambayo kabla ya Neeraj Chopra kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 haikuhesabiwa katika mkuki, ilikuwa na warushaji wawili katika sita bora kwenye baadhi ya mashindano makubwa yaliyofuata. Huko, ushindi wa mtu mmoja uligeuzwa kuwa makocha, mikuki na kambi. Hapa kwetu, zaidi ya miaka kumi baada ya Beijing, kijana wa Eldoret anayetaka kukimbia anaweza kutembea hadi barabara ya karibu na kujiunga na kundi lolote alfajiri bila kuulizwa. Anayetaka kurusha mkuki anahitaji mkuki wenye uzito halali, ambao bei yake inaizidi karo ya wazazi wengi. Anahitaji njia ngumu ya kukimbilia isiyoteleza mvua inaponyesha, maana mguu wa kushoto hauwezi kukita kwenye matope. Anahitaji uwanja usio na wakimbiaji wanaopita mbele ya mkuki wake. Na anahitaji mtu wa kusimama kando na kumwambia kwamba goti limekunjika.

Simu yenye video anayo tayari.